MREJESHO: Teksi ya usiku uwanja wa ndege Delhi

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza nitapataje teksi ya uhakika usiku nikitua Delhi na mama anayekwenda kutibiwa. Tumerudi Mtwara juzi. Mama mzima, saa hizi yuko barazani anabangua korosho.

Aliyeniambia nilipie kwenye kibanda cha polisi wa usalama barabarani, Mungu ambariki. Unataja unakokwenda, unalipa palepale, unapewa karatasi. Sasa hiyo karatasi ndiyo hela ya dereva, humpi mpaka akufikishe. Wetu aliiomba mara mbili njiani! Mama kaifunga kwenye pindo la kanga, kalala zake. Fundo lilifunguliwa mlangoni mwa hospitali, begi la mwisho likiwa limeshashuka.

Nusura niharibu mapema, lakini. Kijana mmoja alinishikia toroli akidai kibanda kimefungwa, nami nikamfuata hatua kadhaa. Uongo mtupu. Wapiga debe wetu wa stendi ya Mkanaledi wana haya kuliko yule.

Bajaji zao, za kijani na njano, tulipanda mchana tu, bila mizigo. Bei mnapatana kwanza.