Kantangaze hafi: nimebadilisha dawa, majani bado yanakauka

Nyanya_Ilula: Wakuu, habari za mihangaiko. Nina nusu eka ya nyanya, wiki ya sita tangu zihamishwe kutoka kitaluni. Majani yana mabaka meupe kama yamebabuka, na matunda yameanza kutobolewa karibu na kikonyo. Wiki hii napiga abamektini, wiki inayofuata emamektini, saa nne asubuhi. Je, nimeuziwa dawa feki?

Afisa_Bustani: Mkuu, kabla hujalilaumu duka, chuma jani moja ulielekeze juani. Kantangaze (kiwavi wa nondo mdogo wa nyanya) utamwona humo ndani, katikati ya ngozi mbili za jani: kiwavi wa rangi ya krimu au kijani, kichwa cheusi au kahawia, na kinyesi cheusi kwenye baka. Ukiona vijia vyembamba vilivyojipinda badala ya mabaka mapana, huyo ni funza wa inzi mchimbaji.

Kwa maelezo yako ni kantangaze, na dawa yenyewe inaweza kuwa halali kabisa. Dawa hupangwa kwa makundi yenye namba kufuata namna zinavyoua; abamektini na emamektini zote ni kundi namba 6, zinamuua mdudu kwa njia ileile. Kwa hiyo hujabadilisha chochote! Kiwavi aliyehimili ya kwanza atahimili na ya pili, na huyo ndiye anayebaki kuzaliana. Hamia spinosadi (kundi 5) au klorantraniliproli (kundi 28). Kaa na kundi moja karibu mwezi, muda wa kizazi kimoja, bila kuzidi idadi ya mipigo iliyoandikwa kwenye kibandiko, kisha hama tena.

Piga jioni jua likipoa. Elekeza noziri (mdomo wa bomba) juu ili dawa ifike chini ya majani, maana mayai mengi hutagwa huko.

Mtego_na_Maji: Naongezea mtego. Beseni la maji, sabuni ya maji kidogo ili nondo azame, na kivutio chenye harufu ya nondo jike kining'inie sentimita 2 hadi 3 juu ya maji. Beseni liweke chini, usawa wa mimea. Beseni 2 kwa eka zinatosha kukuonyesha nondo wameanza kuingia lini. Kivutio hubadilishwa kila wiki 4 hadi 6.

Nyanya_Ilula: Asanteni sana. Mtego ukinasa wengi, si naacha kupiga dawa?

Mtego_na_Maji: Hapana, mkuu. Unanasa madume tu. Majike yaliyokwisha kupandwa yanaendelea kutaga.

Afisa_Bustani: Na yale majani na matunda mabovu usiyarundike pembeni mwa shamba, viwavi watamalizia kukua humohumo. Yafukie nusu mita kwenda chini siku hiyohiyo. Ng'oa na mnavu, nao ni chakula cha kantangaze. Kabla ya kuvuna, hesabu siku za kusubiri tangu mpigo wa mwisho zilizo kwenye kibandiko; kila dawa ina zake. Msimu ujao weka mahindi au vitunguu hapo, usiweke viazi mviringo wala bilinganya, navyo kantangaze huvila.