Nyumba za mawe Bagamoyo: tuzifunge nondo au tuziachie boriti na chokaa?

MwanaDunda
Habari zenu wakuu. Kuna nyumba ya ukoo Mtaa wa India, Bagamoyo, sakafu ya ghorofa imenepa. Ukoo umegawanyika. Vijana wanataka boriti, zile nguzo za mikoko zinazobeba sakafu, zing'olewe zote imwagwe slabu ya zege lenye nondo. Wazee wanataka boriti mpya na chokaa kama mwanzo. Nimeulizwa mimi, nikajibu: nondo isiingie mle. Najua mtanirushia mawe.

Si mahaba ya vya kale. Ukuta ule ni matumbawe na chokaa, umekunywa chumvi ya bahari tangu ulipoinuliwa. Nondo ndani ya zege hailindwi na ugumu wa zege, inalindwa na ukali (alkali) wa saruji, unaokifanya chuma kijivike utando mwembamba usiopitisha kutu. Chumvi ikifika pale utando unatoboka. Na kutu hutaka nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokila, kwa hiyo zege linapasuliwa kutokea ndani. Pita pwani utazame vibaraza vya juzi juzi tu, nondo zimetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Jumba la Beit el Ajaib pale Unguja lilijengwa 1883 enzi za Sultani Barghash, na nguzo zake za chuma zilikuwa fahari ya mji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaanguka. Sisemi chuma ndicho kilichoiangusha. Nasema tu kwamba kuwa na chuma si kinga.

FundiZege
Mkuu, umesema nusu. Zege halina kosa, kosa ni letu mafundi na matajiri wetu. Mchanga unazolewa ufukweni usiku kwa sababu ni bure, maji ya kisima cha chumvi, nondo inalazwa juu ya mbao bila kuinuliwa hata kidole. Ukifungua mbao unaiona hiyo, inakutazama. Karibu na bahari nondo ifunikwe na zege milimita 40 hadi 50. Nimebomoa slabu hapa hapa mjini nikakuta 10.

Kule Progreso, Meksiko, kuna gati lililokamilika 1941 kwa nondo zisizoshika kutu. Limo ndani ya bahari mpaka leo. Na hizo boriti utazitoa wapi? Mikoko ni hifadhi, hukati bila kibali.

MwanaDunda
Huo mfano unakugeukia mwenyewe. Nondo za aina ile bei yake ni mara kadhaa ya hizi za kawaida. Nani Mtaa wa India ataziagiza? Kwenye boriti nakubali umenibana.

BintiMagomeni
Samahanini kaka zangu, mnabishana nyumba za watu. Mimi ni mrithi wa mojawapo. Boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu vyote ni virefu na vyembamba kama uchochoro. Nataka duka pale chini, watu wageuke na mizigo yao. Bibi alikuwa anakausha pilipili kwenye vyumba vile, sawa, lakini mimi siishi kwa pilipili.

Hata hivyo FundiZege, sikuungi mkono moja kwa moja. Mwaka juzi fundi alitufungia mkanda wa zege juu ya ukuta wa matumbawe, akapiga na plasta ya saruji nje ipendeze. Masika mbili tu. Ufa umefuata mkanda kama umepigwa rula, na ukuta chini yake umevimba, ukiugonga unalia puu.

FundiZege
Dada pole. Huyo kaweka kitu kigumu juu ya kitu laini, halafu akakiziba pumzi. Chokaa inavuta unyevu na kuutoa, plasta ya saruji imeufungia ndani. Hapo sina utetezi.

Lakini duka lako linawezekana. Usimwage slabu. Simamisha fremu ya chuma ndani ya nyumba, nguzo na bimu zenye msingi wake, ukuta wa mawe usibebe uzito wa sakafu. Juu laza mbao. Chuma kiache wazi. Nondo ikioza ndani ya zege unajua siku linapodondoka, lakini bimu iliyo wazi ikianza kutu unaiona asubuhi ukifagia. Unakwangua, unapaka rangi.

BintiMagomeni
Na nikitaka kuiondoa?

FundiZege
Ukifunga kwa bolti badala ya kuchomelea, unafungua tu.

MwanaDunda
Hapo umenitoa nilipokuwa nimeng'ang'ania. Niliogopa chuma kilichojificha, kumbe nilikuwa nakikataa na kinachoonekana. Sharti langu moja: msingi wa nguzo usichimbwe ukigusa ukuta, maana misingi ile ya zamani haiendi chini sana, ukiifukua pembeni unaualika ukuta udidimie. Na ile plasta ya dada itolewe, irudishwe chokaa, hata ikichelewa kukauka.

Kikao cha ukoo ni Ijumaa baada ya swala. Hili la fremu nimeshamdokezea mzee mmoja. Hakuuliza bei wala uzito, ameuliza rangi atapaka nani.