MREJESHO: Shangazi yangu kiziwi na shauri la mirathi

Wakuu, nilileta hapa suala la shangazi yangu, kiziwi, ambaye shauri lake la mirathi lilikuwa likiendelea bila yeye kuelewa kinachosemwa mahakamani. Asanteni sana kwa michango yenu.

Tulifuata ushauri wa kumwona kwanza msaidizi wa kisheria. Alituandalia barua kwa msajili wa mahakama ya kuomba mkalimani wa lugha ya alama, ikitaja Ibara ya 13 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, inayohusu watu wenye ulemavu kupata haki mahakamani sawa na wengine. Mkalimani akaletwa. Hakimu alimtaka akae mkabala na shangazi, si pembeni, ili mikono na uso vionekane vizuri. Shangazi akajieleza mwenyewe, na shemeji yake alipopotosha maneno, akanyoosha mkono kumpinga papo hapo. Nilishindwa kuzuia machozi.

Ombi la kusamehewa ada za mahakama lilikataliwa kwa kukosa uthibitisho wa kipato, ndugu tukachangishana. Shauri bado halijaisha.

Mwenye tatizo kama hili aombe mkalimani mapema, kwa maandishi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Barua yetu ilidaiwa haimo kwenye jalada, nakala hiyo ndiyo iliyotuokoa.