Nikimwazima mtu gari langu, bima inamlinda nani?

Swali
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Shemeji yangu ameniomba gari kwa juma zima kwa sababu lake liko gereji. Sina pingamizi, ila gari langu lina bima kubwa, yaani inayolipia pia uharibifu wa gari lenyewe, niliyoikata kwa jina langu peke yangu. Akimgonga mtu au akaliharibu gari lenyewe, je, kampuni italipa? Yeye anaamini kwamba bima ya gari lake inatosha.

Jibu
Soma kwanza sehemu ya mkataba inayoeleza ni nani anaruhusiwa kuendesha. Mikataba mingine humkubali dereva yeyote mwenye leseni halali aliyepewa ruhusa na mwenye gari, na mingine huwataja madereva kwa majina, hivyo asiyetajwa akishika usukani ni kana kwamba gari halina bima. Utaratibu wa kwanza umezoeleka Marekani na wa pili Uingereza, kwa hiyo ushauri wa jamaa aliye nchi nyingine usiuchukue kama ulivyo. Bima ya shemeji yako asiitegemee sana: hata pale inapomruhusu kuendesha gari la mwingine, kwa kawaida hulipia madhara aliyowasababishia watu wengine tu, wala si uharibifu wa gari aliloazima.

Jibu
Naongeza kwamba hata kampuni ikilipa, dai litaandikwa kwenye bima yako. Wewe ndiye utakayebeba ile sehemu ya kwanza ya gharama ambayo mkataba humwachia mwenye bima, na ambayo mara nyingi huongezeka dereva akiwa kijana au akiwa amepata leseni karibuni; kisha punguzo lako la kutodai, yaani nafuu ya bei anayopewa mwenye bima asiyedai malipo, linaweza kupungua au kufutwa utakapohuisha bima. Kubalianeni mapema nani atalipa hayo, maana kuyazungumza na shemeji baada ya ajali ni kugumu kuliko kumnyima gari. Hakikisha pia kwamba hatabeba abiria wa kulipia, kwani bima ya matumizi binafsi haihusu biashara.

Muuliza swali
Nawashukuru. Nimeusoma mkataba, na kweli unataja madereva kwa majina, nami niko peke yangu. Je, naweza kumwongeza kwa juma moja tu?

Jibu
Kampuni nyingi huruhusu, pengine kwa malipo kidogo ya ziada. Omba nyongeza hiyo kwa maandishi, na usimkabidhi funguo kabla hujaipata, kwa sababu ahadi ya simu ni vigumu kuithibitisha. Wakiuliza kuhusu ajali zake za nyuma, waeleze ukweli, kwani kuficha taarifa muhimu kunaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa dai. Wasipokubali, aulizie bima ya muda mfupi ambayo ataikata kwa jina lake mwenyewe kwa ajili ya gari lako. Kwa njia hiyo, akipata ajali, dai huelekezwa kwenye bima yake na punguzo lako kwa kawaida haliguswi.