Filamu zinashtuka kamera ikigeuka, lakini mpira uko laini: tatizo ni TV au kisanduku?

mdadisi_wa_kioo

Wakuu, naomba msaada. TV ni OLED yenye kioo cha 120 Hz (kinaweza kubadilisha picha mara 120 kwa sekunde), imeunganishwa na kisanduku cha Android kwa waya wa HDMI. Mpira na taarifa ya habari ni laini kabisa. Shida iko kwenye filamu: kamera ikianza kugeuka taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, picha inashtuka, inaendelea, inashtuka tena, kama mara mbili kwa sekunde. Waigizaji wakiwa wamekaa wanaongea, huoni kitu. Intaneti haihusiki, maana hata faili lililo kwenye flashi linafanya vilevile. Kisanduku kimewekwa 2160p (yaani 4K) 50 Hz.

Nikiwasha kile kipengele cha TV cha kulainisha mwendo, mishtuko inapungua lakini filamu inakuwa na sura ya tamthilia iliyorekodiwa studio. Je, kioo ni kibovu au ni mipangilio tu? Na hiyo 120 Hz si ndiyo ilitakiwa kumaliza mambo haya?

Rimoti_Moja

Kioo kizima. Weka kisanduku 60 Hz badala ya 50, tatizo litaisha.

fundi_mawimbi

Kioo kizima kweli, ila 60 Hz inabadilisha tu aina ya ugonjwa.

Hiyo "mara mbili kwa sekunde" uliyoandika inatosha kujua kilichotokea. Karibu filamu zote zina fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Kisanduku chako kimelazimishwa kutoa picha 50 kwa sekunde. Kila fremu ikionyeshwa mara mbili zinapatikana 48, zinabaki nafasi mbili za kujaza, kwa hiyo kila fremu ya kumi na mbili inaonyeshwa mara tatu. Fremu kumi na moja zinakaa milisekunde 40 kila moja, ya kumi na mbili inakaa 60. Mtu akiwa amekaa hakuna wa kuona tofauti hiyo. Kamera ikigeuka, jicho linakuwa limeshika mwendo na kutegemea ukuta au mti ufike mahali fulani kwa wakati fulani, nao unachelewa. Mpira unaorushwa kwa picha 50 unaingia kwenye 50 bila kubaki kitu, ndiyo maana hauna tatizo.

Ukienda 60, hesabu inakuwa 3:2. Fremu moja inaonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, yaani milisekunde 50, kisha 33.3, kisha 50, kisha 33.3. Ule mshtuko mmoja mmoja unapotea, lakini mwendo wote unachechemea muda wote. Wengine hawaoni kabisa, wengine wakishaona mara moja basi, kila filamu wanaiona. Zipo TV zinazoutambua mpangilio wa 3:2 na kurudisha fremu 24 za asili. Kwa Sony kipengele hicho kinaitwa CineMotion, kwa LG ni Real Cinema. Kinafanya kazi mradi mpangilio haujavurugwa njiani. Kwa 24 iliyobanwa ndani ya 50, usikitegemee.

Kuhusu 120 Hz: namba hiyo ni nzuri kwa sababu 120 ukigawa kwa 24 unapata 5 kamili. Kila fremu inaonyeshwa mara tano, zote zinakaa milisekunde 41.7, hakuna inayochelewa. Lakini TV haijui kwamba ndani ya HDMI kuna filamu. Inapokea picha 50, inakiendesha kioo kwa 100, na mshtuko unabaki palepale kwa sababu ulishatengenezwa kwenye kisanduku. (Hapo hapo: namba kubwa za kwenye boksi, mfano Motion Rate 240, si Hz za kioo. TV ya Motion Rate 120 inaweza kuwa na kioo cha 60 tu.)

Kwa hiyo kisanduku kitoe 24 kikikutana na 24. Kwenye Google TV ingia Settings, Display & Sound, Advanced display settings, kisha Match content frame rate. Ukichagua Seamless, kisanduku kitabadilisha tu pale kinapoweza kufanya hivyo bila kioo kuzima, na kwa HDMI ya kawaida mara nyingi hakiwezi, kwa hiyo utadhani umewasha kumbe hakuna kilichobadilika. Chagua Non-seamless. Kioo kitakuwa cheusi sekunde moja au mbili filamu inapoanza na inapoisha; ni HDMI inajipanga upya, si hitilafu. Vifaa vyenye QMS ya HDMI 2.1 (uwezo wa kubadilisha kasi ya picha bila kukata mawasiliano) pande zote mbili havina weusi huo.

Programu nayo lazima ikubali kuomba mabadiliko, na si zote zinazoomba. Kwa faili la flashi tumia Kodi, programu ya kuchezea video: Settings, Player, Videos, Adjust display refresh rate, weka On start/stop. Halafu filamu ikiwa inaendelea, bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya TV. Usiamini menyu ya kisanduku, amini kile TV inachosema inapokea. Ikisema 24 Hz, umefika. Ikisema 50, bado.

Faida ya pembeni: 4K ya 60 Hz yenye rangi za biti 10 haiwezi kupita kwenye HDMI 2.0 bila kupunguza taarifa za rangi. Kwa 24 Hz inapita nzima, tena waya haulemewi.

Lenzi_Pana

Kama una simu inayorekodi kwa kasi ya fremu 240 kwa sekunde, huna haja ya kubahatisha kwa macho. Tafuta video ya majaribio ya 24 yenye namba inayobadilika kila fremu, iendeshe kwenye TV, irekodi kwa simu, halafu ipitie fremu moja moja ukihesabu kila namba imekaa fremu ngapi za simu.

Kila namba ikikaa fremu 10, uko sawa, kila fremu inaonyeshwa mara tano. Ukiona 12, 8, 12, 8, ni 3:2, yaani kuna 60 mahali fulani. Ukiona nyingi za 9 au 10 halafu kila baada ya muda moja ya 14 au 15, ndiyo ile ya 50. Zima kipengele cha kulainisha kabla ya kupima, la sivyo utaona namba zilizochanganyikana na hesabu haitakuwa na maana. Zima pia Game Mode, maana kwenye TV nyingi inaua utambuzi wa filamu ili kupunguza ucheleweshaji.

Njia ya haraka zaidi: tazama filamu ileile kwa programu iliyomo ndani ya TV yenyewe. Ikiwa laini huko na inashtuka kwenye kisanduku, mtuhumiwa umempata.

Rimoti_Moja

Sawa, ila kwenye OLED hata ukifika 24 safi bado kamera ikigeuka picha inaruka. Kwa nini msimwambie awashe kulainisha mpaka mwisho?

fundi_mawimbi

Hayo ni matatizo mawili tofauti. La kwanza ni fremu kukaa muda usiolingana, na dawa yake ni mipangilio. La pili ni uchache wa fremu 24 wenyewe. Pikseli ya OLED inabadilika chini ya milisekunde moja: fremu inasimama wima milisekunde 41.7, kisha inaruka mahali papya ghafla. LCD, aina ya kioo cha TV nyingi za kawaida, ni nzito, fremu ya zamani inayeyukia ndani ya mpya, na uzito huo unaficha mruko. Wapiga filamu wanalijua hili; kanuni yao ya zamani ni kwamba kitu kitumie takriban sekunde 7 kuvuka upana wa picha kamera inapogeuka. Asiyeifuata, filamu yake itaruka hata kwenye TV nzuri kuliko zote.

Kulainisha mpaka mwisho kunaifanya TV ibuni fremu zisizokuwepo kati ya fremu mbili halisi. Inapokosea, na inakosea hasa mtu anapopita mbele ya uzio au majani, unaona kingo zake zinayeyuka au kipande cha mandhari kinamfuata. Kipimo cha chini kinatosha. Kwenye LG, ndani ya TruMotion, chagua kujipangia mwenyewe, weka De-Judder (kupunguza miruko) 2 au 3 kati ya 10 na De-Blur (kupunguza ukungu wa mwendo) 0. Samsung fungua Picture Clarity, Sony fungua Motionflow, fanya vivyo hivyo. Filmmaker Mode, ile hali ya picha ya kutazamia filamu, huzima yote haya, kwa hiyo ukiichagua usishangae mruko ukirudi. Ile ya kuingiza fremu nyeusi katikati nisingeigusa kwa filamu: inapunguza mwanga sana na wapo inaowaumiza macho.

Ila fanya haya baada ya kupata 24 safi. Ukilainisha mpangilio uliokwisha kupinda, TV inabuni fremu kutoka kwenye makosa.

mdadisi_wa_kioo

Asante sana. TV sasa inasema 24 Hz, mishtuko ya mara mbili imekwisha, De-Judder iko 2. Imebaki moja: kwenye baadhi ya filamu kuna mkwamo mmoja mdogo, kama kila sekunde 40 hivi. Nyingine hazina kabisa.

fundi_mawimbi

Sekunde 41.7, ukipima kwa saa. Faili nyingi si 24 kamili, ni 23.976. Marekani ilipoleta rangi kwenye runinga mwaka 1953 walipunguza kasi kutoka 30 hadi 29.97, na uwiano huo wa 1000 kwa 1001 ukahamia kwenye filamu zinazopelekwa kwenye TV. Faili la 23.976 likionyeshwa kwa 24.000, fremu moja inakosekana kila sekunde 41.7, kwa hiyo moja inarudiwa. Ikiwa kinyume chake, moja inatupwa. TV nyingi huandika "24 Hz" kwa zote mbili, hivyo kitufe cha taarifa hakikusaidii hapa. Fungua faili kwenye MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili la video, uone kasi halisi.

Kwenye Kodi nenda Settings, System, Display, Whitelist (orodha ya kasi zinazoruhusiwa), na uweke alama kwenye 23.976 na 24 zote, pamoja na 25, 50, 59.94 na 60. Kama kisanduku hakina 23.976 kabisa, washa Sync playback to display. Itaharakisha filamu kwa asilimia 0.1, hakuna sikio litakalojua. Lakini sauti lazima ibadilishwe kasi pamoja na picha, kwa hiyo passthrough (kupeleka sauti kwenye spika bila kisanduku kuigusa) iwe imezimwa.

Mkwamo ukija kila sekunde 17 hivi, kisanduku kiko 60.000 badala ya 59.94. Ukija bila mpangilio wowote, acha kugusa Hz: ni kisanduku kushindwa kufungua video kwa wakati au flashi kusoma polepole. Fungua taarifa za uchunguzi za kichezaji cha Kodi (player debug), uone kama idadi ya fremu zilizotupwa inapanda.