Lambo la kijiji Monduli: je, tuzibe utoro ili maji yaongezeke?

Mfugaji wa Monduli
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye uzoefu na mabwawa ya udongo. Kijiji chetu kina lambo linalokinga maji ya korongo wakati wa masika, na tuta lake katikati linakaribia kimo cha mita tano. Lilichimbwa kwa ajili ya mifugo, ingawa siku hizi wapo wanaovuta maji kwa pampu kumwagilia nyanya. Zamani maji yalikuwa yakifika hadi vuli. Sasa yanakauka mapema, na katika mkutano wa kijiji limetolewa pendekezo la kuziba utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, kwa viroba vya mchanga ili maji yapande nusu mita zaidi. Nyuma ya tuta, karibu na kitako chake, pana sehemu ambayo haikauki na ina nyasi mbichi hata kiangazi, na chini zaidi kuna maboma ya watu. Je, kuna hatari, au ni woga wetu tu?

Fundi Maji, Moshi
Ndugu Mfugaji, viroba hivyo visiwekwe kabisa. Tuta la udongo halihimili maji kupita juu yake: yakishavuka kilele hula mteremko wa nyuma, huchimba mfereji unaorudi kuelekea kwenye maji, na tuta zima linaweza kukatika kwa saa chache tu. Ile nafasi iliyoachwa kati ya kimo cha utoro na kilele, ambayo kwa malambo mengi haipungui mita moja, ni ya kupitishia mafuriko, kupokea mawimbi ya upepo na kufidia udongo unaodidimia mwaka hadi mwaka. Mkiipunguza kwa nusu mita, mvua moja kubwa ya usiku inatosha kuwamalizia iliyobaki.

Kuhusu unyevu wa kitakoni, kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na hilo peke yake halitishi. Kinachoangaliwa ni wingi na rangi yake. Chimbeni kijitaro cha kuyakusanya, yaongozeni kwenye kipande cha bomba, kisha mpime yanajaza ndoo kwa muda gani, mkiandika siku hiyohiyo kimo cha maji lamboni kwa kutumia nguzo yenye alama. Jazeni pia chupa nyeupe ya maji hayo na muiache itulie hadi asubuhi. Ikiwa chini kumetuama udongo, au ndoo inajaa haraka zaidi huku kimo cha lambo hakijapanda, basi maji yanakokota udongo kutoka ndani ya tuta. Hapo wito wa mhandisi usisubiri kikao.

Mjumbe wa Kamati ya Maji, Longido
Mimi naliona tatizo lenu mahali pengine: lambo limejaa tope. Makorongo ya kwetu hushuka na udongo mwingi, hasa pale malisho ya juu yalipoisha, kwa hiyo mnachokiita upungufu wa maji ni upungufu wa kina. Kupandisha maji nusu mita kutayatandaza kwenye tambarare za pembeni, ambako jua na upepo huyamaliza kwanza. Katika ukame wa huku, kwa mwaka mmoja lambo hupoteza kwa mvuke kina kinachozidi mita moja na nusu. Subirini likauke, ondoeni tope katikati, lakini msisogelee tuta wala kutoboa tabaka la mfinyanzi lililo chini, maana likitoboka maji yatazama ardhini.

Jambo la pili ni ng'ombe. Wakipita juu ya tuta huacha vijia vinavyoshusha kilele kidogo kidogo, na maji hutafuta hapohapo pa kupitia. Wekeni uzio wa miiba, mtoe maji kwa bomba hadi kwenye mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, iliyo mbali na kitako.

Mkazi wa Arusha
Naongeza kwa sababu wapo watakaosema malambo hayaui. Bwawa la udongo lililopasuka Solai, Nakuru, nchini Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, lilikuwa la shamba la mtu binafsi na liliua watu zaidi ya 40. Ni kweli lilikuwa kubwa kuliko lenu, ila waliokuwa chini yake walikuwa wamelala majumbani mwao, kama watakavyokuwa watu wa maboma hayo.

Kisheria pia, kijiji hakibadilishi bwawa kwa uamuzi wa mkutano pekee. Usalama wa mabwawa umo katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009. Pa kuuliza ni ofisi ya bonde lenu la maji: kama korongo lenu linashukia Ziwa Manyara, mko Bonde la Kati, lenye makao makuu Singida. Kama linaelekea Mto Kikuletwa, ni Bonde la Pangani, ambalo ofisi yake iko Moshi.

Mfugaji wa Monduli
Nawashukuru sana. Korongo letu linaelekea Manyara. Je, kabla ya masika tufanye nini kwa nguvu zetu wenyewe?

Fundi Maji, Moshi
Anzeni na utoro: fyekeni vichaka, ondoeni magogo, na hakikisheni maji yanayotoka yanaishia mbali na kitako cha tuta. Kisha pimeni usawa wa kilele kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, na kila palipobonyea pajazwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 za udongo wenye unyevu kiasi, kila tabaka ikishindiliwa kabla ya nyingine. Miche ya migunga iliyoota juu ya tuta ing'olewe ikiwa midogo, kwa sababu mizizi ya mti mkubwa ikioza huacha mashimo, na mashimo ya nguchiro yazibwe vivyo hivyo kwa kushindilia.

Suala la pampu za nyanya si la mhandisi. Lipelekeni kwenye mkutano uleule uliopendekeza viroba, maana tope likishaondolewa kila mtu atataka sehemu yake ya maji.