Tupeane uzoefu: marehemu baba alimtunzaje mama?

Mtoto wa Gengi

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo habari zenu. Wiki iliyopita nilipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na tulipofika maeneo ya Kilosa nikaiona reli ya zamani, ile yenye upana wa mita moja, machozi yakanitoka mbele ya abiria wenzangu. Marehemu baba yangu alikuwa nyapara wa gengi la reli Tabora, kwenye njia ya Kigoma iliyokamilika mwaka 1914, na kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma tangu alfajiri akigonga boliti kwa nyundo na kusikiliza mlio, kwa sababu boliti iliyolegea hailii kama iliyokaza.

Mwaka 1987 mama alipooza upande wa kulia baada ya kumzaa mdogo wetu wa mwisho. Ndugu wa baba walikuja, wakakaa kikao, wakamshauri aoe mke mwingine ili nyumba ipate mtu wa kupika. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akawasindikiza stesheni, kisha akarudi na kubandika sufuria ya ugali. Tangu siku hiyo hadi mama anafariki, miaka kumi na mmoja, yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani na aliyemsuka nywele. Alijifunza twende kilioni kwa binti wa jirani. Kila Jumapili jioni aliketi kwenye kigoda nyuma ya mama, akampaka mafuta ya nazi kichwani, akaanza kusuka kwa vidole vile vile vyenye kucha zilizokufa kwa kugongwa na nyundo, na mistari ikawa inakwenda upande mpaka mama anamwambia, "Nyapara, reli yako imepinda, treni itaanguka." Hapo baba alifumua akaanza upya.

Naye alitutoka mwaka 2019. Ninaomba kila mwenye kumbukumbu ya baba aliyekuwa mume wa namna hiyo aiandike hapa.

Mama Watatu

Umenigusa sana, ndugu yangu. Baba yangu hakuwa na maneno mengi, lakini sikumbuki siku aliyonawa mikono kabla mama hajaketi.

Mnyaturu wa Mjini

Pole sana. Baba yangu alikuwa akimchotea mama maji kisimani, ndoo mbili kila alfajiri, na kijijini kwetu Singida walisema amelishwa limbwata.

Binti Pangani

Naomba neno hilo tuliache. Mwanamume akimtunza mkewe, watu hutafuta dawa aliyolishwa, lakini akimpiga hakuna anayeuliza amelishwa nini. Hiyo si haki kwa marehemu.

Mnyaturu wa Mjini

Dada yangu, sikumdharau mzee. Nimeeleza kilichosemwa, na nimekieleza kwa sababu yeye mwenyewe alikisikia, kikamuuma, na kesho yake akaamka tena na ndoo zake.

Binti Pangani

Basi niwie radhi, nilikuelewa vibaya. Mungu amrehemu.

Mzaliwa wa Juni

Nimesoma habari ya kusuka nywele nikashindwa kulala, ndiyo maana ninaandika usiku huu. Mimi sikumwona baba yangu. Mwezi Mei mwaka 1996 bibi mzaa mama alifariki Bukoba, na mama, ambaye alikuwa na ujauzito wangu wa miezi minane, alikatazwa kusafiri. Baba akamwambia, "Nitakwenda mimi nikamzike mama yetu, wewe lala." Akavuka ziwa kutoka Mwanza, akashika jembe makaburini kama mtoto wa kuzaa, akakaa matanga, na jioni ya tarehe 20 akapanda MV Bukoba kurudi nyumbani. Asubuhi ya tarehe 21 meli ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza.

Alisafiri daraja la tatu, na abiria wa daraja hilo hawakuandikwa majina, kwa hiyo jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote. Kwa siku kadhaa mama alikuwa akisema labda alichelewa meli. Kisha akaanza kwenda kuitazama miili, akiwa na tumbo lake, bila kutazama nyuso kwa sababu maji yalikuwa yameziharibu. Alitazama mashati. Baba aliondoka na shati jeupe ambalo kifungo chake cha tatu kilikuwa cha kijani, kwa kuwa siku ile mama alikosa cheupe akashona alichokuwa nacho. Hakukiona kifungo kile. Kila tarehe 21 Mei tunakwenda Igoma, walikozikwa wengi wa marehemu wale, na mama husimama tu, kwa sababu hajui amwelekee nani.

Mama Watatu

Ee Mungu. Poleni sana, mwanangu.

Mzee wa Tanga

Binti yangu, ushauri wangu ni mwandikie baba yako jina lake kwenye jiwe, mliweke kwenye makaburi ya familia hata kama mwili haupo, ili mama apate mahali pa kuketi.

Mnyaturu wa Mjini

Mzee wangu, kwa heshima zote, ninapingana nawe. Kaburi tupu litamtonesha mama kidonda kila akilipita. Afadhali ibada ya kumwombea ifanyike palepale Igoma.

Mkazi wa Ubungo

Jamani, mada ilikuwa jinsi baba zetu walivyowatunza mama zetu. Naona sasa tumehamia kwenye msiba wa meli.

Mtoto wa Gengi

Ndugu, mtu aliyevuka ziwa kumzika mkwewe ili mkewe apumzike yuko ndani ya mada kuliko sisi wote. Mwache aseme.

Mzee wa Tanga

Nami niongeze langu. Baba yangu aliandikisha jina la mama kwenye hati ya nyumba akiwa mzima wa afya, na baada ya arobaini, watu walipokuja kugawana, mama alitoa karatasi hiyo wakaondoka. Wanaume mnaosoma hapa, fanyeni hivyo sasa. Na nyinyi watoto, tafuteni cheti cha kifo mapema, kwa maana kwa kawaida mahakama hukihitaji ili kumthibitisha msimamizi wa mirathi.

Mama Watatu

Mzaliwa wa Juni, samahani kukurudisha kwenye uchungu. Vifungo vile vya kijani, vilibaki vingine?

Mzaliwa wa Juni

Kilibaki kimoja, mama yangu. Nilipoanza darasa la kwanza mama alikishona kwenye shati langu la sare, upande wa ndani wa kola, mahali ambapo mwalimu asingekiona. Kila shati lilipochakaa alikihamishia kwenye jingine.